JOHN KIRK, MKUSANYA MIMEA YA RUVUMA

John Kirk alizaliwa Scotland mwaka 1832, akasomea uganga Edinburgh. Mwaka 1858 alifuatana na Livingstone mpaka mto Zambezi, naye akiwa mkusanya mimea wa safari. Mwaka 1860 mtumbwi wake ulipinduka katika maporomoko ya Kebrabasa. Alinusurika, lakini madaftari na michoro yake vilichukuliwa na maji.

Hakukata tamaa. Mwaka 1861 walifika mlango wa Ruvuma, kusini ya Shangani kwetu. Akachuma mimea, akaikausha baina ya karatasi, akaandika ilikotoka. Baadaye alikuwa Balozi wa Uingereza huko Unguja. Alifariki mwaka 1922.

Mimea ile ingali Kew, London. Wanafunzi wenzangu, jani lisiloandikwa lilikotoka halimfai mtaalamu. Basi tutunze madaftari yetu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne