Epictetus, Mtumwa Aliyekuwa Mwalimu

Katika karne ya 19 njia za misafara ya watumwa zilipita katika nchi iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Tabora, na kutoka huko hata pwani. Watu walitwaliwa katika vijiji vyao, wakauzwa kama mbuzi. Je, mtu akiisha kuuzwa hivi, amebakiwa na kitu kilicho chake? Swali hili lilijibiwa zamani sana na mtu aliyelijua kwa mwili wake mwenyewe, maana alikuwa mtumwa. Twataka kusimulia maisha yake kwa kifupi.

Epictetus alizaliwa yapata mwaka 50 baada ya Kristo katika mji wa Hierapolis, katika nchi iitwayo leo Uturuki. Waisomao Waraka kwa Wakolosai wataukumbuka mji huo, kwa kuwa umetajwa katika sura ya 4. Jina lake kwa Kiyunani maana yake ni kitu kilichopatikana, kama mali iliyonunuliwa. Akawa mtumwa huko Rumi, katika nyumba ya Epaphroditus, aliyekuwa karani wa Kaisari Nero. Na huyo Epaphroditus mwenyewe alikuwa amepata kuwa mtumwa kabla ya kupewa uhuru.

Epictetus alikuwa kiwete. Wengine walisema ni ugonjwa. Wengine walisimulia ya kuwa bwana wake alimpopotoa mguu kwa ukali, naye akamwonya kwa upole kwamba utavunjika. Hata ulipovunjika, akamkumbusha tu kwamba alikwisha kumwambia.

Angali mtumwa, alipata nafasi ya kumsikiliza Musonius Rufus, mwalimu wa Wastoiko, yaani watu wa madhehebu ile ambayo baadhi yao walibishana na Paulo huko Athene. Baadaye alipewa uhuru, akaanza kufundisha. Lakini Kaisari Domitian, aliyetawala tangu mwaka 81 hata 96, aliwafukuza wenye filosofia wote. Epictetus akahamia Nicopolis, magharibi ya Uyunani, mji ambao wengi husadiki kuwa ndio ule uliotajwa katika Waraka kwa Tito. Huko akafungua shule, na wana wa wakubwa wa Rumi wakaja kuketi mbele ya mtu aliyekuwa mtumwa, ili wafundishwe naye.

Akawafundisha kwamba mambo ya dunia ni ya namna mbili. Mwili, mali, cheo na sifa machoni pa watu havimo katika mamlaka yetu. Mwenye nguvu aweza kutunyang'anya vyote. Lakini hukumu ya moyo, yaani kukubali neno au kulikataa, ni yetu, wala hakuna awezaye kuitwaa tusipomkabidhi wenyewe.

Aliishi kama alivyofundisha. Taa yake ya chuma ilipoibwa, alinunua ya udongo. Akawaambia wanafunzi ya kuwa mwizi amelipa bei kubwa, kwa maana kwa ajili ya taa amekubali kuwa mwizi. Hata katika uzee wake alimtwaa mtoto ambaye wazazi wake walitaka kumtupa, akamlea. Alikufa yapata mwaka 135. Yeye mwenyewe hakuandika kitabu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyaandika mafundisho yake, na vitabu 4 vimesalia, pamoja na kijitabu kimoja kidogo.

Lakini tujihadhari. Mtu asilichukue fundisho hili kuwanyamazisha wanaoonewa, akisema kwamba yatosha wawe huru moyoni. Epictetus hakuwaambia mabwana kwamba wamefanya vema. Aliwakumbusha kwamba mtumwa wao ni ndugu yao, kwa kuwa wote ni wa asili moja itokayo kwa Mungu. Hata hivyo hakuupinga utumwa wenyewe, na hapo twaona upungufu wa hekima yake.

Alisema pia kwamba shule ya hekima ni kama nyumba ya tabibu: mtu haingii humo ili afurahishwe, bali aguswe palipo na kidonda. Neno hili latukumbusha mtu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Katavi. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa angali mtoto, akavushwa jangwa, akakombolewa huko Algeria na wamisionari wa Kikatoliki. Walimsomesha uganga huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, akauguza wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipokufa mwaka 1956, miaka 67. Waliomwuza walimnyang'anya nyumba, wazazi na nchi. Hawakuweza kumnyang'anya huruma.

Basi, ninyi mliokabidhiwa kufundisha, yaangalieni maisha ya watu hawa wawili. Tusipime kazi yetu kwa sifa tunazopewa mlangoni watu watokapo, maana sifa hizo si zetu, na kesho zaweza kuondoka. Tuulize kama kidonda kimeguswa, na kama sisi wenyewe tumekubali kuguswa kwanza.