ATHANASIUS: ASKOFU ALIYEFUKUZWA MARA TANO

Katika somo la dini tunafundishwa kwamba Wakristo huamini Yesu ni Mungu na pia ni mtu. Wengi wetu tunakariri tu, mtihani ukiisha tunasahau. Mimi nataka kuwasimulia habari za mtu aliyeteseka kwa ajili ya imani hiyo.

Athanasius alizaliwa mwishoni mwa karne ya tatu, akakulia Alexandria, Misri. Mjini humo palikuwa na padri mmoja, Arius, aliyefundisha eti Mwana wa Mungu aliumbwa, na kwamba kuna wakati hakuwako. Jamani, ugomvi ukawaka! Mwaka wa 325 mfalme wa Warumi, Constantine, aliwaita maaskofu Nicaea, katika Uturuki ya leo. Athanasius alikwenda akiwa shemasi tu, akifuatana na askofu wake, Alexander. Mkutano ukaamua kwamba Mwana hakuumbwa, bali ni Mungu kamili kama Baba.

Mwaka wa 328 Athanasius akawa askofu wa Alexandria. Taabu ndipo zilipoanza. Wapinzani wake walipendwa ikulu, naye akafukuzwa mara tano na wafalme wanne. Mara ya kwanza alipelekwa Trier, Ujerumani ya leo. Mwaka wa 356 askari walivamia kanisa usiku akiwa ndani na waumini. Akaponyoka, akajificha kwa watawa wa jangwani. Kwa jumla alikaa mbali na kanisa lake miaka kama 17. Si mchezo!

Je, mbona hakukubali tu yaishe? Yeye aliona hivi: dhambi ilimtenga binadamu na Mungu, na kiumbe hawezi kumrudisha kiumbe mwenzake kwa Muumba. Mimi nafananisha na watu wawili waliotumbukia kisimani. Hakuna wa kumtoa mwenzake mpaka aje mtu wa nje. Kwa hivyo ilibidi Mungu mwenyewe awe mtu. Kama Yesu ni kiumbe tu, basi bado tumo kisimani.

Hata majirani zetu wa Ethiopia wanamkumbuka, kwa maana ndiye aliyemweka wakfu Frumentius, askofu wao wa kwanza.

Athanasius alifariki mwaka wa 373 akiwa nyumbani Alexandria. Miaka minane baadaye, mkutano wa Constantinople ulithibitisha imani aliyoitetea. Mvumilivu hula mbivu, lakini yeye alifariki kabla hazijaiva. Basi, wenzangu, tukishajua jambo ni kweli, tusiliache kwa sababu wakubwa wamekasirika.