William Jones wa Rabai na watoro wake

Wageni wakipanda Rabai huonyeshwa nyumba ya Krapf na ya Rebmann. Ni haki yao. Mimi nikifika pale humkumbuka zaidi William Jones.

Alikuwa Myao, aliyetekwa utumwani angali mtoto. Alipokombolewa alipelekwa India, akasomeshwa Nasik, na mwaka 1864 akarejea Afrika kuja kutumika misheni huku kwetu. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimpa ushemasi, kisha akafuatana naye safari ya Uganda. Askofu aliuawa Busoga. Jones ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliosalia.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa Rabai kwenyewe. Watumwa waliotoroka mashambani walikimbilia kwake. Wakubwa wa misheni walikwisha kataza kupokea watoro, maana waliogopa ugomvi na wenye watumwa wa Mombasa, na ugomvi huo haukuwa wa mzaha. Jones angewarudishaje? Aliujua utumwa kwa mwili wake, si kwa kuhadithiwa. Watu wakapokewa, wakajenga, wakalima, wengine wakabatizwa.

Mwaka 1888 mambo yalifichuka. Mabwana walidai watu wao, na ilidhaniwa Rabai itashambuliwa. Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikianza kutawala Pwani, akaona heri kuwalipa mabwana fidia. Watoro waliokombolewa katika misheni za Pwani walizidi 1,400, wengi wao wa Rabai. Tarehe 1 Januari 1889 walikusanyika palepale Rabai, kila mmoja akakabidhiwa cheti chake cha uhuru.