Pablo Casals, mpiga violonseli aliyekataa kurudi kwao chini ya Franco

Pablo Casals, mmoja wa wapiga violonseli wakubwa wa karne ya 20, alifariki tarehe 22 Oktoba 1973 huko San Juan, Puerto Rico, akiwa na miaka 96. Alifia ugenini, baada ya zaidi ya miaka 30 mbali na kwao.

Casals alizaliwa tarehe 29 Disemba 1876 katika mji mdogo wa El Vendrell, jimbo la Catalonia, nchini Hispania. Baba yake, mpiga kinanda wa kanisa, ndiye aliyemwanzisha katika muziki. Akiwa na miaka 11 alianza kujifunza violonseli, chombo cha nyuzi nne chenye sauti nzito, ambacho mpigaji hukibana kati ya magoti.

Akiwa na miaka 13 alikuta katika duka moja la Barcelona nakala ya miziki sita ambayo Mjerumani Johann Sebastian Bach aliandikia violonseli peke yake. Wengi waliichukua kuwa mazoezi tu. Casals aliifanyia kazi karibu miaka 12 kabla ya kuanza kuipiga mbele ya watu. Leo kila mpiga violonseli anaijua.

Mwaka 1920 alianzisha okestra yake Barcelona, kisha akaandaa tamasha za bei ndogo kwa ajili ya wafanyakazi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1936. Jenerali Franco aliposhinda mwaka 1939, Casals alibaki Ufaransa, katika mji wa Prades karibu na mpaka. Huko aliandika barua nyingi akiwaombea msaada wakimbizi wenzake waliofungiwa kambini.

Vita vya pili vya dunia vilipoisha, alitumaini kwamba washindi watamwondoa Franco. Walimwacha. Kwa hiyo Casals aliacha kupiga muziki hadharani. Mwaka 1950 wanamuziki wa nchi mbalimbali walimfuata Prades, naye akapiga tena. Mwaka 1961 alimpigia Rais Kennedy wa Marekani, na mwaka 1971, akiwa na miaka 94, aliongoza wimbo alioutungia Umoja wa Mataifa.

Franco alikufa mwaka 1975, miaka miwili baada yake. Mwaka 1979, Hispania ikiwa na demokrasia, mabaki ya Casals yalirudishwa El Vendrell na kuzikwa huko.