Mwalimu wa Butiama na Tenzi za Injili

Wengi wetu tukisikia neno tenzi twakumbuka kile kitabu cha Tenzi za Rohoni kilichomo katika nyumba nyingi za Wakristo. Lakini neno hili lina maana ya zamani zaidi. Utenzi ni shairi refu lisimulialo habari, na kwa desturi huimbwa mbele za watu. Kwa hiyo twapenda kueleza maisha ya mtu wa Mara aliyeitwaa njia hiyo ili kuichukua Habari Njema, yaani Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Burito, mtemi wa Wazanaki. Mwaka 1934 aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, na mwaka 1937 akaenda Tabora. Mwaka 1943 alibatizwa katika Kanisa Katoliki, akapewa jina la Julius. Alisoma Makerere, akafundisha Tabora, kisha akasoma Edinburgh tangu 1949 hata 1952. Kazi yake ya kuiongoza nchi hata mwaka 1985 yajulikana na wote.

Katika shughuli hizo zote hakuiacha kalamu. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare, na mwaka 1969 Mabepari wa Venisi. Tena alifanya kazi iliyo kubwa zaidi: kuzitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika utenzi wa Kiswahili. Vitabu hivyo vitano vilichapwa na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Tarehe 14 Oktoba 1999 alifariki London, akazikwa kwao Butiama.

Basi, utenzi una nguvu gani? Kwa desturi kila mstari una mizani nane; mistari mitatu hufanana mwishoni, na wa nne hushika kina kimoja tangu mwanzo hata mwisho. Hivyo ubeti humvuta mwenziwe, na msikiaji hushika. Washairi Waislamu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Mwalimu alikitwaa chombo kilichozoewa na masikio, akatia Injili ndani yake. Luther naye alifanya vivyo: kitabu cha kwanza cha nyimbo za Kilutheri, cha mwaka 1524, kilikuwa na nyimbo nane tu, na nne ni zake, katika lugha ya watu wake.

Wako waogopao kwamba mtunzi akitafuta kina aweza kuongeza neno au kulipunguza. Hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo utenzi hauchukui mahali pa Biblia. Huitangulia kama mpiga mbiu, ukiwaita watu waje kusikia.

Nasi tuzipendao tuni za Wajerumani tusiidharau njia hii. Ninyi walimu wa Musoma, Bunda na Butiama, mnao wazee wasiojua kusoma. Someni kwanza sura katika Biblia, kisha mwenye sauti njema aimbe beti za habari ile, ndipo muwaulize watu wamesikia nini. Mhubiri huenda zake jioni, bali wimbo hubaki kinywani mwa mama asagaye nafaka, na watoto wake husikia. Bwana na aibariki kazi hiyo.