Krapf alikosa wafuasi, akapata lugha

Mjerumani Johann Ludwig Krapf alishuka Mombasa mwaka 1844, baada ya kufungiwa mlango Uhabeshi, akiwa na barua ya Sayyid Said wa Zanzibar. Mwezi Julai homa ikamuulia mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Aliyemsaidia kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili alikuwa Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa. Naam, kadhi! Lakini dini yake watu wa mji hawakuitaka. Mwaka 1846 akahamia Rabai na mwenzake Rebmann. Wazee wakawapa mahali pa kukaa, wakawasikiliza, kisha wakarudi kwenye mila zao. Wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa mgonjwa mahututi. Kamusi ya Krapf ilitoka 1882, yeye keshafariki.