Askofu Mkuu Makarios na Heshima ya Kisiwa

Tarehe 3 Agosti, 1977, alifariki dunia Askofu Mkuu Makarios wa Tatu, Rais wa kwanza wa Saiprasi. Sisi wana wa visiwa tunayo sababu ya kuyatazama tena maisha yake, kwani yanaonyesha jinsi imani ya kiongozi inavyoijenga siasa ya nchi za nje, na jinsi siasa hiyo inavyoweza kubomolewa kutoka ndani.

Makarios alizaliwa mwaka 1913, mtoto wa mchungaji mifugo wa kijiji cha Panagia. Mwaka 1950 alichaguliwa Askofu Mkuu. Wakati huo nia yake ilikuwa moja: kumng'oa Mwingereza na kukiunganisha kisiwa na Ugiriki. Kwa ajili hiyo, mwaka 1956, wakoloni walimhamishia Shelisheli, huko huko walikokwisha kumpeleka Kabaka Mwanga wa Buganda na Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja.

Uhuru ulipatikana tarehe 16 Agosti, 1960, kwa sharti kwamba kisiwa kisiunganishwe na nchi yoyote. Wadhamini wake watatu, Uingereza, Ugiriki na Uturuki, wote walikuwa wanachama wa NATO, na Mwingereza alibakiwa na vituo viwili vya kijeshi. Hata hivyo, mwaka 1961 Makarios alikwenda Belgrade kwenye mkutano wa kwanza wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Taifa la watu wasiofika laki sita likapata sauti yake duniani.

Lakini nyumbani palikuwa na ufa. Mwishoni mwa 1963 alipendekeza mabadiliko 13 ya Katiba, yakiwemo ya kuwapunguzia Waturuki wa kisiwani haki walizopewa. Damu ikamwagika, na mwaka 1964 yakaingia majeshi ya Umoja wa Mataifa. Kwa upande wa pili, Wagiriki wenziwe waliong'ang'ania muungano walimwona msaliti. Tarehe 15 Julai, 1974, walimpindua kwa msaada wa watawala wa kijeshi wa Athens. Siku tano baadaye majeshi ya Uturuki yakateremka pwani. Aliporejea Desemba, kisiwa kilikuwa kimekatwa vipande viwili.

Hatuibezi siasa yake ya nje. Ilikuwa ya heshima. Twasema tu kwamba anayekisemea kisiwa ugenini hana budi kwanza kuwasikiliza wote wakaao ndani yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mji wa Nicosia ungali umegawanyika hadi leo.